Kidole

Wajukuu wananiuliza kama niliwahi kuigiza.
Mara moja, nawajibu. Dakika moja na nusu.
Mwaka hamsini na moja, hapa hapa Bahía Blanca,
Julai, baridi ya kukata masikio,
walipokuja watu wa filamu kutoka Buenos Aires
na taa zao zenye miguu ya korongo.

Mimi nilikuwa mshona vifungo tu.
Mwigizaji wao alishikwa na homa
na koti lake likanikaa sawasawa.
Ndivyo nilivyokuwa shahidi.

Bwana Abadie, mwongozaji, alipanga wanaume sita ukutani,
gwaride la utambulisho:
watano waigizaji, wa sita Fermín Luceri,
mwokaji mikate wa mtaa wetu,
aliyepita kuleta mikate ya chai
akaambiwa, simama hapo, ziba pengo.
Unga ulikuwa bado kwenye nyusi zake.

“Usiigize,” Abadie aliniambia.
“Tazama, kisha nionyeshe nani anafanana na aliyefanya.”
Nikatazama.
Wale watano walizoea kutazamwa.
Wa sita alimeza mate.
Kidole changu kikanyanyuka chenyewe,
sindano imeona sumaku.

Abadie akapiga makofi. Usiku ule ule
akaiandika hadithi upya:
mwokaji anayesingiziwa kumuua mhasibu wa bandari,
anakimbia juu ya mabehewa,
anapanda ngazi ya ghala refu la ngano, polisi nyuma yake,
hadi mkanda wa nane, wa mwisho,
unapoonekana mkono wenyewe uliofanya.
Hapo Fermín anaachiwa. Anatoka mlangoni
akikunja macho kwa jua.

Mkanda wa nane haukufika.

Saba zilishuka kwenye treni.
Wa nane ulibaki njiani, Olavarría labda,
chini ya magunia ya vitunguu.
Mwenye Sinema Esperia hakutaka kurudisha pesa za tiketi;
akaonyesha saba.
Siku kumi na tisa, usiku baada ya usiku,
mji mzima ulimwacha Fermín juu ya ngazi,
tochi zikimpanda miguuni,
kisha pazia jeupe, kisha taa, kisha makoti.

Na asubuhi?
Mikate ilikauka rafuni.
Doña Eufrasia, mteja wake wa miaka kumi na moja,
alivuka barabara.
Kila mtu alijua ni filamu. Hakuna aliyekuwa mjinga.
“Lakini uliona anavyomeza mate?
Mtu hamezi mate hivyo bure.”
Koplo Ibarlucea akamwuliza, kwa mzaha,
usiku wa tarehe nne alikuwa wapi.
Fermín akaanza kujibu.
Akataja saa. Akataja majina ya watu waliomwona.

Wahenga husema kidole kimoja hakivunji chawa.
Sikuwa nimetumwa chawa.

Siku ya ishirini mkanda ukafika.
Wakauonyesha bure, Jumanne, mvua ikinyesha.
Tuliingia watu kumi na wanne,
wengine kwa sababu ya mvua.
Alipoachiwa pale ukutani, mkubwa kama nyumba,
mtu mmoja alipiga makofi, mstari wa mbele,
akaacha aliposikia yuko peke yake.

Septemba alikuja dukani kwangu
na koti lisilo na kifungo cha juu.
Anahamia Neuquén, alisema, kuna dada yake huko.
Nilishona polepole kuliko inavyohitajika.
Akauliza, bila ukali, kama mtu anayeuliza bei:
“Siku ile. Uliona nini?”

Nikavua subana, nikaivaa tena.
“Taa zilinipiga machoni,” nilisema.
“Nilikuwa namwonyesha mwenzio wa kushoto.”

Akatabasamu. Akashukuru. Akameza mate.

Nami, Mungu anisamehe,
nikamtazama koo.