Kilo Moja na Robo

Mama hakuuliza kumbukumbu yake ni kubwa kiasi gani.
Aliuliza, "Ina kilo ngapi?"
na Murhula, muuza mashini wa Nyawera,
akacheka mpaka akashika kaunta:
"Mama, hizi si sambaza. Hatuziuzi kwa kilo."

Mama akafungua kikapu
akatoa mizani yake ya ndoano,
ile yenye magamba yaliyokaukia kwenye namba,
iliyonisomesha tangu darasa la kwanza.

Ya kwanza ilikuwa pana kama sinia la harusi,
vitufe vyake vinawaka rangi nyekundu na buluu,
feni inanguruma kama kinu cha muhogo.
Kilo tatu kasoro.
"Hii ni ya mtu mwenye gari."

Ya pili nyembamba, mpya, inateleza mkononi.
Dola mia nne na ishirini.
Mama akaifunga kwa vidole viwili,
taratibu,
kama aliyefungua mlango wa wenyewe kwa makosa.

Ya tatu ilikuwa ya kijivu.
Ilishafanya kazi katika ofisi ya watu, Ulaya huko;
gundi ya namba yao bado imeng'ang'ania mgongoni,
kona moja ina ufa,
na herufi A imefutwa na vidole nisivyovijua.
"Kilo moja na robo," Murhula akaapa.
Ndoano ikakubali.
"Sasa weka na waya wake."
Kilo moja na nusu, na zaidi kidogo.
"Kumbe waya utapanda kilima peke yake?"

Akanigeukia mimi, si yeye:
"Dakika hamsini kutoka Cahi, Nsimire,
na mvua ikinyesha njia ile ni sabuni.
Una daftari, una chupa ya maji,
una viatu vya kubadilisha mlangoni pa darasa.
Robo kilo hapa kwenye kaunta ni robo kilo.
Kule juu ni jiwe."

Kisha akaamuru waya uchomolewe.
Kwetu umeme huja saa saba ya usiku
kama mkwe anayedaiwa mahari,
na kabla ya jogoo ameshatoroka.
Tukakaa kwenye benchi. Mama akachambua maharage.
Herufi humsumbua,
lakini tarakimu hazijawahi kumdanganya:
tisini na nne.
Themanini na moja.
Maharage yakaisha, sabini.
Akaguna.
Guno lile nalijua,
humtoka samaki wakiwa wa leo kweli.

Pindo la kitenge likafunguliwa: dola mia na themanini.
Murhula akaziinua moja moja kwenye mwanga.
Ishirini moja ilikuwa na tundu
dogo kama ncha ya sindano,
na katika mji huu
tundu la sindano laweza kuua noti nzima.
"Hii hawataipokea."
"Na ufa huu, nani ataupokea?"
Wakatazamana kwa muda,
watu wawili wa soko,
mpaka tundu likasamehewa na ufa.

Njiani niliibeba kifuani, chini ya koti.
Mama alinionea wivu kidogo, au labda ilikuwa baridi tu;
aliniomba aishike
kutoka kwenye bomba la maji mpaka kwa fundi wa viatu,
akanirudishia bila neno.

Saa saba ya usiku taa ikawaka.
"Umeme!" akaita, sijaota hata nusu ya ndoto.
Nikachomeka.
Neno la kwanza nililoandika ni sambaza,
kidole kikiitafuta A iliyofutika,
mara tatu.

Zilibaki dola thelathini.
Kila Jumamosi kijana wa dukani
huja Kadutu na mfuko mweusi,
husimama mbele ya ndoano ya Mama, kimya,
na Murhula hupokea deni lake
kwa kilo.