Namba Arobaini na Moja

Mama hajui tena kama sakafu ni baridi.
Hutazama chini kwanza, aione miguu ipo,
ndipo ainuke.

Miaka kumi na tisa Verna Poovey alipulizia gundi
kiwandani, nje kidogo ya Hickory,
bomba mkononi, sponji mbele yake kama mikate isiyookwa:
puliza, bandika, finya, msukumie mwenzako.
Gundi ilinukia utamu, pichi zilizoiva zikapitiliza,
na zamu ikiisha wanawake walicheka ovyo kwenye maegesho,
wakisema wamelewa bila kulipia.
Feni moja ilikuwa mbovu. Ya pili ilikuwa ya bosi.

Kisha kidole gumba kikafa ganzi.
Kisha wayo.
Kisha Darla Huffstetler akaanguka akienda msalani,
wakasema ni viatu.

Barua ya kampuni ilikuja kwa karatasi nzito, nyeupe pe,
karatasi ya harusi:
hakuna ushahidi wa kutosha.
Mama aliisoma mara mbili, akaikunja,
akaiweka chini ya mguu wa meza uliokuwa ukiyumba.
Ikatosha.

Na sofa tulikuwa nayo.
Ya kijani, ya watu watatu, ilitoka na kasoro ya mshono
wakampunguzia bei, akailipa kila Ijumaa, kidogo kidogo.
Hapo nilijifunza kusoma. Hapo niliugua tetekuwanga.
Hapo baba alilala siku alizokuwa hatakiwi chumbani.
Ukikaa kwa kishindo, jua likiwa dirishani,
vumbi liliinuka taratibu, likang'aa, dhahabu tupu,
nami nililidaka kwa ulimi.

Paka wetu Biskuti anakula kama mchimba mitaro
na anakonda kama uzi.
Daktari wa wanyama, binti mdogo tu,
alimpapasa koo, akaniuliza swali nisilolitarajia:
"Huwa analala wapi?"

Nikakata kipande cha sponji, ukubwa wa kiberiti,
nikakituma maabara.
Majibu yalikuja baada ya wiki sita,
maneno marefu kama mabehewa ya treni ya mizigo
inayotuamsha usiku. Nilielewa moja: moto.
Waliitia dawa isishike moto.
Katika vijiko ishirini vya sponji, kijiko kizima ni dawa,
na haitulii humo. Inatoka, inashuka na vumbi
kwenye zulia, kwenye manyoya,
kwenye ulimi wa mtoto anayedaka dhahabu.

Nyumba yetu haijawahi kuungua.
Nilitaka kushukuru, nikakosa wa kumshukuru.

Kikulacho hakikuwa nguoni mwetu.
Kilikuwa chini ya matako,
na tulishamaliza kukilipia.

Jumamosi nilivua foronya za mito yote.
Ndani, kwenye kitambaa cheupe, mhuri wa wino wa zambarau:
KAZI YA 41.
Mama akaweka kiganja juu yake. Mikono bado inahisi.
"Huyo ni mimi."
Akafuata pembe kwa kidole, moja moja, kama anayehesabu watoto.
"Tazama, Wendell. Miaka ishirini na mitatu,
hakuna hata moja iliyoachia."
Sikujua, Mungu anisamehe,
niseme pole au niseme hongera.

Tuliibeba na jirani hadi kando ya barabara.
Nikaandika kwenye boksi kwa herufi kubwa: SUMU. USICHUKUE.
Gari la taka lingepita Jumatatu.
Jumapili usiku ikanyesha.

Asubuhi: alama nne kwenye majani,
boksi limelala kifudifudi, wino umekwenda na maji.

Mama alikuwa dirishani, bado kashika pazia.
"Walikuja alfajiri na pikapu," akasema.
"Vijana. Mke ana mimba, ya miezi saba hivi.
Nikaitafuta miguu, ikachelewa,
nikagonga kioo, nikapunga mikono yote miwili, hapana, hapana.

Wakadhani nawasalimia.
Wakanipungia."