Pimamaji

Kerubo wa ghorofa ya chini alipanda na simu mkononi,
akanionyesha dari yake: doa la rangi ya strungi,
lina ghuba, lina rasi, lina visiwa viwili.
"Ni maji yako haya," akasema,
na kwa kuwa hakusema kwa hasira
nilikosa pa kushikia ugomvi.

Maana vigae vyangu vilikuwa vizima.
Vyekundu, vya mraba, nilivinunua kwa mkopo wa chama
mwaka ule mabomba ya Donholm yalipokauka
tukawa tunapimiwa maji kwa mtungi.
Kila Jumamosi huvipiga deki mpaka paka ateleze.
Nikamwambia labda ni bomba. Labda ni jasho la ukuta.
Masika yakapiga usiku kucha,
na alfajiri hakunitumia picha, alinitumia sauti:
ndo. Ndo. Ndo.

Chururu si ndo ndo ndo, walisema wahenga.
Wahenga hawakulala chini ya roshani yangu.

Fundi Nzioka alikuja na gunia la vyuma
na sarafu moja ya shilingi ishirini.
Akapiga magoti kama mtu aliyeangusha hereni,
akagonga kigae kimoja kimoja, sikio chini.
Hiki: ko. Hiki: ko. Hiki: po.
"Umesikia? Hapa unakanyaga ngoma."
Po kizingitini. Po kwenye kona.
Po chini ya kiti ninachokalia jioni
nikihesabu ndege zinazoshukia Embakasi,
kumbe nimekalia dimbwi.

Akalaza pimamaji. Kipovu kikakimbia
kuelekea reli, mbali na mlango.
Sakafu ilikuwa imeinamia sebule,
imelipa tundu la maji mgongo.
"Nani alikuwekea hivi?"
Nikasema simjui.

Ni Kabugi, kaka yangu.
Aliviweka bila malipo, kwa siku tatu,
wiki ile ile aliyosafiri Doha,
ambako sasa anaweka vigae vya hoteli.
Akipiga simu lazima aulize: roshani inasemaje?
Nami humjibu: iko sawa.

Tindo likashuka. Chini ya wekundu ule
simenti ilikuwa ugali uliolala,
inanuka kisima.
Maji yalikuwa yameingia mlangoni, kwenye ufa
ambao hata uzi ungebisha hodi kuupita,
yakatembea hatua nne gizani ndani ya zege
kabla ya kuuona waya wa balbu ya Kerubo.
"Kigae si paa, mama," Nzioka akasema.
"Kigae ni nguo. Wewe ulivalisha mtu asiye na ngozi."

Akatengeneza mteremko upya. Akapaka lami nyeusi
tabaka moja, akangoja, akapaka la pili,
akaipandisha ukutani kiasi cha shubiri.
Kisha akaziba tundu kwa tambara na nailoni
akaniambia nimwage.
Ndoo kumi na moja, wiki ya mgao!
Zikae humo mchana na usiku.

Nikashuka kwa Kerubo. Akachemsha chai.
Tukakaa ubavu kwa ubavu, shingo nyuma,
tukiitazama dari kama watu waliokodi sinema.
Miaka sita nimeishi juu ya utosi wake
na sijawahi kujua kiti chake kina mguu mbovu.
Juu yetu mwanangu akapita akikimbia:
du, du, du, hadi jikoni.
"Wewe hupita polepole," akasema.
"Saa tisa za usiku. Unaenda, unarudi.
Nimekuwa nikitaka kukuuliza."
Nikapuliza chai iliyokwisha kupoa.

Doa halikusogea. Lakini saa zilikuwa tano tu,
na ya Nzioka ni ishirini na nne.

Usiku Kabugi akapiga, nyuma yake mashine inakata mawe.
"Roshani inasemaje?"
"Imejaa maji," nikamwambia.
Akanyamaza. Mashine nayo ikanyamaza.
"Kaa kwenye simu," nikasema. "Nina mengi."