Hewa Isiyohesabiwa

Mwarandu aliisukuma toka daraja la Nyali,
trei sita za mayai nyuma, shati limemganda mgongoni.
"Ikikimbia ni nzima," akasema. "Ikisimama tu
yatetemeka kama mwenye homa, kisha yazimika.
Jana foleni ya Kongowea imenivunjia mayai kumi na moja,
na sikugongana na mtu."

Akamwaga kiroba juu ya benchi langu:
plagi tatu, koili, pampu ya petroli ingali na stika yake.
Kila fundi alimuuzia jibu lake.
Mmoja wa Bombolulu alitafuta skrubu ya kupandisha moto
kama tulivyofanya zama za kabureta.
Alipoikosa akasema pikipiki imerogwa.

Sikumcheka. Nami nilifunzwa kwa bisibisi na sikio,
ikanichukua mwaka mzima kukubali
kuwa mashine yaweza kujisemea.

Nikafungua swichi, injini sikuiwasha.
Taa ya manjano ikakonyeza.
"Hesabu, Mishi," nikamwambia mwanafunzi wangu.
Ndefu. Ndefu. Fupi.
Kimya.
Ndefu. Ndefu. Fupi.
"Ishirini na moja. Sensa ya ekzosi. Tununue mpya?"

Ngoja.
Sensa ni shahidi, si mwizi.
Yasema tu: moshi upitao hapa una hewa kuliko petroli.
Nani kaileta hewa hiyo, haikuulizwa,
na ukimfukuza shahidi wizi utaendelea.

Tukaanza na vya bure, maana mfuko wa mtu si maabara.
Plagi: ncha nyeupe, kavu, mfupa uliosahauliwa juani.
Cheche: buluu, tak, tak, haikosi.
Betri: kumi na mbili nukta sita.
Waya wa ethi ulikuwa na kutu ya kijani,
chumvi ya mji huu haimchagui mtu;
nikaukwangua, nikaukaza, nikawasha.
Bado. Tuk-tuk, tuk. Tuk-tuk.
Tuk.
Injekta nayo ikatema vizuri, ukungu mwembamba,
chafya ya paka.

Alasiri ikaadhiniwa.
Mwarandu alikuwa akihesabu mayai yake mara ya tatu.

Mishi, bila kutumwa, akachukua chupa ya maji
tunayolowanishia nguo za pasi nyumbani,
akanyunyiza mpira wa shingo,
ule uungao koo la hewa na injini.
Juu, hakuna kitu. Ubavuni, hakuna.
Chini, pasipofika jicho,
injini ikatulia.
Sekunde tatu, labda nne. Mngurumo mmoja mlaini,
kama mtu aliyelikumbuka jina alilokuwa akilitafuta.
Maji yakanyonywa, homa ikarudi.
"Tena."
Akarudia. Ikatulia tena.

Tulipoufungua, ufa wenyewe haukutosha kupenya ukucha.
Hapo ndipo hewa ilipokuwa ikijipenyeza
bila kupita mlangoni, bila kuhesabiwa,
na kompyuta, maskini, ikipakua petroli
ya wageni iliowaona tu.
Harusini, kwenye watu mia tano,
wadoezi watatu hawajulikani.
Lakini mkiketi wanne kwenye sinia moja,
wa tano akinyoosha mkono, kila mtu amwona.
Ndiyo maana mbio huficha. Ndiyo maana
nawaambia wateja: niletee ikiwa imesimama.

Mpira mpya, shilingi mia nne.
"Mia nne," Mwarandu akasema,
akakitazama kile kiroba, akanitazama mimi,
akarudi kukitazama kiroba.

Akawasha. Hakuvuta moto.
Aliinama nyuma, sikio kwenye trei,
akisikiliza maganda yasivyogongana.
Kisha akaizima, akaiwasha upya,
bila sababu, mara mbili.

Ameondoka, kiroba amekisahau.
Mishi aitaka ile pampu.
Nimemwambia aifunge gazeti, aiweke juu ya kabati,
si yetu.