Ile ya Mwezi wa Sita

Shangazi Edilitruda alianza na makusu,
ndoo mbili, kipande cha kanga kuukuu.
Paroko akaonja, akafumba macho:
"Tamu, mama. Lakini altare inataka zabibu."

Basi zabibu zikawa zinatoka Dodoma,
zinashushwa Ipogolo usiku, nusu zimepondeka,
naye anazichambua moja moja kwa taa ya chemli:
nzima huku, iliyooza kule, ya mashaka kwa kuku.
Sukari, hapana. Maji, hapana.
Sisi watoto tulinyooshewa mwiko:
"Usiguse. Hii si yako wala si yangu."

Jumatano alikuwa mwandishi.
Ukurasa wa nane wa gazeti la jimbo,
chini ya matangazo ya vifo:
namna ya kuchemsha mnafu
("uchungu kidogo uacheni, ndiyo mboga yenyewe"),
uyoga wa Kilolo baada ya mvua ya kwanza.
Nilimnakilia mimi; mwandiko wake
ulilala kama ngano iliyopigwa na upepo.
Mhariri alilipa kwa bahasha, au kwa samaki wa Mtera.

Miaka ishirini na sita.
Na kila Jumapili watu wakipanga mstari wa komunyo
yeye alibaki kwenye benchi,
kwa kuwa mumewe alikuwa na ndoa nyingine, Makete.
Aliitazama kalisi ikiinuliwa
jinsi mpishi anavyotazama sufuria yake
jikoni kwa mtu.

Njiani kurudi aliniuliza tu:
"Padri kakunja uso alipokunywa?
Ile ya mwezi wa sita ina ukali."