Sampuli 0417

Kabla ya yote navua pete.
Dhahabu nayo ni metali, na mashine haina haya:
husema ilichoonja.
Kisu changu ni cha kauri. Cha chuma kingetoa ushahidi wake
juu ya ule wa kome.

Mfuko umeandikwa namba tu, kwa wino mweusi.
Ndivyo sheria inavyotaka: mpimaji asijue ufuko wala mvunaji.
Lakini fundo lile, la kuzungushwa mara tatu
na ncha kuchomekwa ndani kama ya kilemba,
katika hori nzima ya Arnosa, hapa Galisia,
hulifunga mtu mmoja.
Dosinda.
Mama.

Kila maji yakitoka huinama na reki yake
chini ya kiwanda cha zinki kilichofungwa kabla sijazaliwa.
Kiwanda kilifungwa. Tope halikufungwa.

Kome hana haraka. Hunywa bahari, huitema,
hubaki na kilichomo.
Haba na haba, walisema, hujaza kibaba;
hawakusema kibaba cha nini.

Nyama naisaga mbichi, napima nusu gramu,
naimiminia asidi, unafuka moshi wa hudhurungi
mpaka mnyama awe maji yasiyo na jina.
Kisha gesi, kisha moto unaoshinda jua,
na atomi zinaitwa kama watoto darasani:
zinki, yupo. Kadimi, yupo.
Risasi,
isiyo na mlio.

Moja nukta tano nane.
Kikomo ni moja nukta tano.
Naosha chupa. Napima maji matupu; maji matupu hayana kosa.
Narudia. Tano nane. Narudia. Tano nane.

Lakini kila kipimo kina shaka yake,
yangu ni sifuri nukta moja mbili,
na kanuni zetu humwachia kome shaka hiyo.
Toa. Inabaki moja nukta nne sita.
Naandika zote, sifuti hata moja,
na chini yake neno linalotakiwa: Inakubalika.

Jumapili mama anafunua sufuria.
Mvuke, kitunguu, divai nyeupe.
"Wamepita?"
"Wamepita. Kwa shaka."
Anacheka. Anadhani shaka ni tabia yangu,
tangu utotoni, ya kunusa kijiko kabla ya kula.
Anachagua walionona, ananisogezea.

Nakula wanne.
Kisha naangalia maganda upande wake wa meza,
nahesabu.