Kwa Vahagn, Pamoja na Ufunguo wa Niva

Ufunguo ni huu. Ule mdogo ni wa tangi,
hukwama: upulizie pumzi kwanza, ndipo uuzungushe.
Mengine nimekuandikia kwa penseli
kwa sababu wino huganda Gyumri mwezi wa Januari,
na gari hili huharibika Januari.

Likikataa kuwaka, usiligombeze. Sikiliza.
Likisema tik, tik, tik, kama kuku adonoaye sinia tupu,
hiyo ni betri. Fungua boneti, tazama vichwa vyake.
Ukiona unga mweupe wenye ukijani,
changanya magadi na maji ya moto, sugua kwa mswaki mkuukuu,
si wa shangazi yako Hasmik, nilishafokewa.
Waya wa hasi hutoka wa kwanza, hurudi wa mwisho.
Somo hilo nilifundishwa na cheche.

Stata ikizunguka kwa nguvu zake zote na moto usishike,
betri haina kosa.
Ama petroli haifiki, ama cheche hairuki.
Chomoa plagi. Ikiwa imelowa, ikaushe kando ya jiko.
Ikiwa kavu, fuata njia ya petroli.
Lakini kwanza, mwanangu, kwanza kabisa,
hakikisha petroli imo.
Mwaka ule wa theluji ya magotini, mimi,
fundi umeme wa mabasi kwa miaka ishirini na sita,
niliifungua kabureta vipande kumi na saba juu ya gazeti,
siku mbili, vidole vimekufa ganzi,
na tangi lilikuwa kavu kama koo la shahidi mwongo.
Jirani Mkrtich aliligonga kwa kifundo cha kidole
akausikia utupu wake.
Hakucheka. Alisubiri arusi ya mwanawe
akasimulia mbele ya watu mia mbili.

Moshi una rangi zake.
Mweusi: linakula kuliko linavyopumua; safisha chujio la hewa.
Wa buluu: linakunywa oili yake lenyewe, nalo limezeeka, livumilie.
Mweupe asubuhi ya baridi si neno, hata wewe unautoa.
Lakini mweupe wa kutwa, wenye harufu tamu,
maji yameingia pasipo pao. Zima.
Hapo usijitie ufundi; mwite Mkrtich,
na chupa ya oghi ya forosadi iwe mezani kabla hajafika.

Ukipanda kwenda Ashotsk na mshale wa joto ukapanda nawe,
washa hita hadi mwisho, shusha vioo,
jasho likutoke wewe badala ya injini.
Kisha simama. Kifuniko cha radieta usikiguse
mpaka uweze kukilaza kiganja juu yake.
Uliwahi kuniuliza juu ya kovu hili, nikakwambia ni pasi.
Haikuwa pasi.

Mkanda ukipiga yowe asubuhi kisha ukanyamaza, umelegea.
Ukaze, lakini si kama uzi wa kinanda:
usukume kwa kidole gumba, ubonyee kidogo, basi.

Na chini ya gari lililoshikwa na jeki pekee
usiingie.
Weka gogo. Weka na tairi la akiba.
Sitaki kueleza. Weka.

Imebaki sauti moja.
Mlango wa nyuma, wa kushoto: ukikata kona
kitu hukimbia ndani yake, tak-tak-tak, kisha kimya.
Nilibadilisha bawaba. Nilikaza kila skrubu.
Mwaka wa tatu niling'oa bamba la ndani, nikamulika tochi:
kokwa la aprikoti.
Nazeli alilidumbukiza kwenye ufa wa kioo, ana miaka mitano,
tunatoka sokoni, kwa kuwa nilimkataza kutupa nje.
Siku hizi yuko Marseille,
anaendesha gari lisilotoa sauti yoyote.

Nilirudisha bamba, na kokwa ndani yake.
Ukilisikia, shika usukani, endelea na safari.
Hakuna kilichoharibika.